Count Down ikisomwa Pasua

Ukitaja "mbegu za kiume kupungua" pale Pasua, dakika mbili haziishi mtu ameshakuuliza dawa ya nguvu za kiume inauzwa wapi. Ndiyo maana nilitaka sana kukipenda Count Down, kitabu cha Shanna Swan na Stacey Colino (2021). Kinatenganisha mambo mawili tunayoyachanganya kila siku: uwezo wa mwanaume kitandani, na jinsi maumbile yake ya uzazi yalivyojengwa akiwa bado tumboni mwa mama.

Kwenye hilo la pili Swan anajua anachosema. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa wajawazito wa Marekani uliopima thaleti, kemikali za kulainisha plastiki, kwenye mkojo wao. Waliokuwa nazo nyingi walielekea kuzaa wavulana ambao nafasi kati ya njia ya haja kubwa na sehemu za siri ilikuwa fupi, dalili kwamba testosteroni haikufanya kazi yake sawasawa. Na muda wenyewe ni mfupi: takriban wiki ya 8 hadi ya 14 ya mimba. Wiki ya 8 wengine ndiyo kwanza wanahesabu siku!

Kwenye takwimu anateleza. Uchambuzi wa 2017 alioshiriki ulionyesha msongamano wa mbegu kushuka zaidi ya 52% kati ya 1973 na 2011, lakini ni kwa wanaume wa Amerika Kaskazini, Ulaya, Australia na New Zealand. Kwa Afrika data zilikuwa chache mno. Kuuvuta mstari ule mpaka ufike sifuri mwaka 2045, kama alivyofanya kwenye mahojiano, ni kazi ya rula tu.

Kilichonikera zaidi ni ushauri wake: punguza plastiki jikoni, nunua vyakula visivyopuliziwa, soma lebo. Lebo ipi, jamani? Huku dawa ya nyanya mara nyingi inapimwa kwenye chupa ya soda. Aiwa Ngowi na wenzake, waliowahoji wakulima wa mboga Kaskazini mwa Tanzania (2007), waliambiwa na 68% kwamba waliwahi kujisikia vibaya baada ya kupulizia. Karibu theluthi moja walikuwa wakichanganya dawa. Anayebeba bomba mgongoni, au mkewe anayefua zile nguo jioni, hajakutana na kemikali akiwa supamaketi.

Mimi ningeipa Limpopo, Afrika Kusini, sura nzima. Riana Bornman na wenzake walichunguza watoto wa kiume 3,310 waliozaliwa 2004 hadi 2006. Kwenye vijiji vilivyopuliziwa DDT dhidi ya malaria, uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye kasoro za maumbile ya uzazi na mkojo, kama korodani kutoshuka au tundu la mkojo kukaa mahali pasipo pake, ulikuwa mkubwa kwa 33%. Utafiti wa namna hii hauthibitishi chanzo peke yake, ila maabara ilishaonyesha tangu 1995 kwamba DDE, zao la DDT, huzuia homoni za kiume. Na DDT ile ilipuliziwa kwenye kuta za nyumba. Mama wa nyumbani, aliyeshinda ndani kutwa, ndiye aliyekuwa kwenye hatari zaidi, na hakuwa amenunua chochote.