Uwiano wa Redfield haukuandikwa kwa ajili ya tangi lako

Ukianza kufuga matumbawe nyumbani, haupiti muda mrefu utakutana na namba hii: 16 kwa 1. Utaambiwa upime naitreti, upime fosfeti, ugawanye, na jibu likiwa mbali na 16 basi tangi lako "limepoteza uwiano", ndiyo maana mwani umetanda kwenye kioo. Dawa nayo iko tayari: ongeza hiki, punguza kile, mpaka namba ikae sawa. Na kwa kuwa namba yenyewe ina jina la mwanasayansi, Redfield, watu wanaipokea kama amri.

Naipinga kanuni hii. Redfield hakukosea. Shida ni kwamba alichokisema yeye na tunachokifanya sisi mbele ya kioo havihusiani sana.

Tuanze na mwenyewe. Alfred Redfield alikuwa Mmarekani, mtafiti wa Harvard na Woods Hole. Mwaka 1934 alichapisha kazi iliyolinganisha virutubisho vilivyoyeyuka kwenye maji ya bahari kuu na vile vilivyomo ndani ya miili ya planktoni. Akaona vinakwenda pamoja kwa namna ya kushangaza. Baada ya masahihisho ya miaka iliyofuata, uwiano ukatulia kwenye 106:16:1, yaani kwa kila atomu moja ya fosforasi kuna atomu 16 za naitrojeni na 106 za kaboni. Ni ugunduzi mkubwa, na unafundishwa hadi leo. Lakini ni wastani, tena wastani wa planktoni, tena wa bahari kuu. Humo hamna tumbawe, hamna mwani wa kwenye mawe, hamna samaki anayelishwa mara mbili kwa siku.

Mwaka 1983 Atkinson na Smith waliangalia mimea ya baharini inayoota chini, mwani mkubwa na nyasi bahari, wakapata uwiano wa karibu 550:30:1. Sasa ukisema tangi lifuate uwiano wa viumbe wake, kwanza tuambie: viumbe gani?

Kosa la pili ni la hesabu tu, na nakiri na mimi nimewahi kulifanya. Namba 16 inahesabu atomu. Kipimo chako kinakupa miligramu kwa lita. Molekuli ya naitreti ina uzito wa 62, ya fosfeti 95. Ukizidisha 16 kwa 62 kisha ukagawanya kwa 95, unapata 10.4. Maana yake uwiano wa Redfield kwenye kipimo cha nyumbani ni kama 10 kwa 1, si 16. Na kama kipimo chako kinasoma naitrojeni na fosforasi peke yake, kama vingine vinavyofanya, jibu linashuka hadi 7.2. Mtu anahangaika wiki nzima kuifikia 16 ambayo hata Redfield asingeitambua.

Haya, tuseme hesabu umeipatia. Chukua matangi matatu. La kwanza lina naitreti 0.1 na fosfeti 0.01. La pili lina 5 na 0.5. La tatu lina 100 na 10. Yote matatu yana uwiano uleule wa 10 kwa 1. Kwenye la kwanza matumbawe yanaweza kuwa na njaa, la tatu ni maji machafu. Kipimo kisichoweza kutofautisha njaa na uchafu kinatusaidia nini?

Halafu kuna usahihi wa vipimo vyenyewe. Kwenye fosfeti ya chini, kosa la 0.02 kwa vipimo vya nyumbani ni jambo la kawaida. Tuseme naitreti yako ni 2 na fosfeti imesoma 0.02. Uwiano ni 100. Lakini fosfeti halisi inaweza kuwa 0.04, na hapo uwiano ni 50. Inaweza pia kuwa sifuri, na hapo hakuna hata cha kugawanya. Unatibu tangi kwa kufuata kosa la mashine.

Tuwe wa haki lakini. Kuna ushahidi kwamba mlinganyo wa virutubisho una maana kwa matumbawe. Mwaka 2013 Jörg Wiedenmann na wenzake wa Southampton walionyesha, kwenye Nature Climate Change, kwamba matumbawe yaliyopata naitrojeni nyingi huku fosfeti ikiwa haba yalipauka kwa urahisi zaidi yalipokutana na joto na mwanga mkali. Mwani mdogo unaoishi ndani ya tishu ya tumbawe ulisukumwa kukua bila kuwa na fosforasi ya kutosha. Watetezi wa kanuni hupenda sana utafiti huu, na nawaelewa.

Ila kundi hilohilo, mwaka 2017, liliangalia na upande wa pili: naitrojeni haba, fosfeti ya kutosha. Hapo matumbawe yalivumilia, na usanisinuru wa mwani wao haukuathirika. Kwa hiyo mizani haina pande mbili zenye uzito sawa. Kukosa fosfeti ndiko kunakoumiza zaidi, na hilo uwiano pekee haukuambii. Mbaya zaidi, mtu anayeona uwiano wake uko chini anaweza kuambiwa aondoe fosfeti kwa chembechembe za oksidi ya chuma, akalipeleka tumbawe palepale ambapo utafiti unasema ni hatari.

Na hata kiasi chenyewe kinachosomeka ni mabaki tu. Ukiangalia hela kwenye droo ya duka la Mangi saa mbili usiku huwezi kujua ameuza kiasi gani. Labda ameshalipa mzigo mchana. Tangi lenye samaki wengi wanaokula vizuri linaweza kusoma naitreti karibu na sifuri huku matumbawe yake yameshiba, kwa sababu kila kinachoingia kinachukuliwa. Tangi lingine lenye usomaji uleule halijalishwa kitu. Fosfeti nayo hujificha: inashika kwenye mawe ya chokaa, kisha inarudi majini polepole ukianza kuiondoa.

Ningependa tufanye nini? Soma naitreti peke yake na fosfeti peke yake. Rudia kipimo kabla ya kuchukua hatua yoyote. Andika, ili baada ya mwezi uone mwelekeo. Hesabu chakula unachoweka, maana huko ndiko virutubisho vingi vinakotoka. Fosfeti isifike sifuri. Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, taratibu, kisha litazame tumbawe lenyewe: rangi, ukuaji, vinyweleo vyake vinavyofunguka au kujikunja.

Ninalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu anayelipa gharama hayumo kwenye mabishano. Matumbawe magumu yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, biashara yake inadhibitiwa, na baadhi ya yanayofika kwenye matangi yamekatwa kwenye miamba ya baharini. Tumbawe likifa kwa njaa ndani ya maji yenye "uwiano mzuri", mfugaji mpya anaambiwa hakupima vizuri. Alipima vizuri sana. Tulimpa swali lisilo sahihi.