Mkono Unaoachia: Uhakiki wa Vitenzi vya Kumtoa Mtu Utumwani, kwa Kurejelea Habari za Wakilindi na Historia ya Usambara

1.0 Utangulizi

Sehemu hii inahakiki namna tendo la kumtoa mtu utumwani linavyotajwa katika Kiswahili, kwa kurejelea Usambara, milima ambayo Lushoto ni makao ya wilaya yake. Chanzo cha uhakiki huu ni tatizo la tafsiri. Kiingereza kina kitenzi mahususi cha tendo hilo, manumit. Katika maandishi ya Kiswahili kitenzi hicho huweza kufasiriwa kama komboa, acha huru, weka huru au achilia, kana kwamba maneno hayo ni visawe. Hoja ya sehemu hii ni kwamba si visawe. Kila kimoja kinamweka mtendaji tofauti mbele ya msomaji, na anayevichanganya hupoteza swali ambalo historia ya Usambara inalidai: ni nani aliyeondoa mkono, na kwa gharama ya nani?

2.0 Mkono katika Kitenzi cha Kiingereza

Kitenzi manumit kimetokana na Kilatini manumittere, chenye viambajengo viwili: manus, yaani mkono, na mittere, yaani kutuma au kuachia. Katika sheria ya Kirumi mkono uliwakilisha mamlaka ya mwenye nyumba juu ya watu wake. Kiingereza kilikipokea kitenzi hiki mwishoni mwa Zama za Kati kikiwa bado na sura hiyo ya kisheria. Jambo la msingi ni kwamba mtendaji wake wa asili ni bwana. Mtumwa huingia katika sentensi kama yambwa, au kama kiima cha kauli ya kutendwa. Kwa hiyo kitenzi hiki hakielezi uhuru kwa jumla. Kinaeleza uhuru unaotolewa na yule aliyeuzuia.

3.0 Vitenzi vya Kiswahili na Watendaji Wake

Kinacholingana zaidi na manumit ni acha huru. Hapa pia bwana ndiye mtendaji. Inafaa kukumbuka kwamba kitenzi hichohicho hutumika katika talaka: mume humwacha mke. Katika miktadha yote miwili neno la mwenye mamlaka ndilo linalobadilisha hadhi ya mwingine. Sheria ya Kiislamu, iliyoongoza desturi za pwani, ilimpa bwana njia kadhaa. Aliweza kumwacha mtumwa huru kwa tamko, kumwahidi uhuru baada ya kifo chake, au kuandikiana naye mkataba wa malipo, jambo linalotajwa katika Kurani, sura ya 24, aya ya 33. Hata hivyo, aliyeachwa huru alibaki na uhusiano na nyumba ya bwana wake wa zamani. Ndiyo maana nomino mahuru haikuwa sawa na mwungwana. Mwungwana alizaliwa huru. Mahuru alifanywa huru, na jina lake liliendelea kukumbusha kwamba kulikuwa na aliyemfanya hivyo.

Komboa ni tofauti. Kiini chake ni malipo. Kitu kilichowekwa rehani hukombolewa, na mateka hukombolewa kwa fidia. Mtendaji si lazima awe bwana: anaweza kuwa ndugu, mgeni, au mtumwa mwenyewe, ndipo tunaposema amejikomboa. Katika karne ya 20 neno hili lilipanuka. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipounda Kamati ya Ukombozi mwaka 1963, yenye makao Dar es Salaam, ukombozi ulimaanisha mapambano dhidi ya ukoloni. Msomaji wa leo analo zaidi wazo hili la mapambano kuliko lile la bei. Anaposoma kwamba mtu fulani alikombolewa katika karne ya 19, ni rahisi kuona ushindi mahali ambapo palikuwa na mauziano.

4.0 Kitendo Kisicho na Mwachiaji: Kiva

Habari za Wakilindi, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, ilichapishwa kwa sehemu na misheni ya Magila kati ya mwaka 1895 na 1907, kisha ikahaririwa upya na J. W. T. Allen na kutolewa mwaka 1962. Mwandishi alikuwa mtu wa pwani aliyewahi kumtumikia Semboja. Masimulizi yake yanaanza na Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, na kuendelea hadi kuporomoka kwa ufalme baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862. Semboja aliyekaa Mazinde, chini ya milima, karibu na njia ya misafara, alipigania mamlaka na Shekulwavu aliyerithi Vuga. Vita hivyo vilikwenda pamoja na biashara ya bunduki na ya watu.

Mwishoni mwa miaka ya 1860, Wabondei waliinuka dhidi ya Wakilindi waliowatawala, katika uasi unaojulikana kama Kiva. Miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba Wakilindi walikuwa wakiwauza raia wao. Watawala hao waliuawa au kufukuzwa. Je, kitendo hiki kitaitwaje? Hakuna bwana aliyemwacha mtu huru, wala fidia iliyolipwa. Mkono haukuachia, uliondolewa. Kukiita ukombozi kunakubalika kwa maana ya leo, lakini kwa maana ya wakati ule kunaficha kwamba Wabondei walikataa kuwa bidhaa, na kwa hiyo walikataa pia kuwa na bei.

Ulinganisho na Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyochapishwa mwaka 1934, unaifafanua hoja hii. Mbotela anasimulia kuhusu watumwa waliookolewa baharini na Waingereza na kupelekwa Freretown, karibu na Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875. Nomino uhuru katika anwani yake haina mtendaji, lakini masimulizi yanamtaja waziwazi: ni mwokoaji kutoka nje. Katika Kiva mtendaji ni waliotawaliwa wenyewe. Uhakiki unaoziweka kazi hizi mbili chini ya dhamira moja ya ukombozi wa watumwa, bila kuuliza kuhusu mtendaji, unalinganisha visivyolingana.

5.0 Hati na Kipande: Wilhelmstal

Utawala wa Wajerumani, ulioiita Lushoto Wilhelmstal, haukufuta utumwa. Ulitoa hati za uhuru kwa mtu mmojammoja, na kati ya mwaka 1891 na 1912 zaidi ya watu 50,000 katika koloni zima walitoka utumwani kwa njia mbalimbali zilizotambuliwa na serikali. Amri nyingine iliwahesabu kuwa huru watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwaka 1905. Sheria ya kufuta utumwa ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Katika mazingira hayo komboa ilipata sura yenye utata. Baadhi ya walowezi waliohitaji vibarua walilipa fedha za kumkomboa mtumwa, na aliyekombolewa akatakiwa kufanya kazi shambani hadi deni liishe. Aidha, katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, wilaya ya Wilhelmstal ilianzisha utaratibu wa kipande uliomtaka mwanamume kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Mwenye hati ya uhuru mkononi aliweza kutakiwa pia kuwa na kipande. Kisarufi mtu huyo alikuwa amekombolewa. Kimaisha alikuwa amehama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

6.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba maana za maneno hubadilika, na kwamba mtafiti ana haki ya kutumia ukombozi kwa maana yake ya sasa. Dai hili ni sahihi kwa maandishi yanayohusu karne ya 20. Kasoro hutokea maana ya sasa inaporudishwa nyuma bila tahadhari. Steven Feierman, katika Peasant Intellectuals ya mwaka 1990, anatenga sura nzima kwa hoja za wakulima wa Usambara kuhusu jinsia, utumwa na uchifu. Utumwa ulikuwa bado lugha ya siasa miaka mingi baada ya sheria ya 1922, na uchifu wenyewe ulifutwa mwaka 1963. Kwa watu hao uhuru haukuwa neno tupu la bendera; ulikuwa na kumbukumbu ya nani aliwahi kumuuza nani.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu unapendekeza kwamba manumit ifasiriwe acha huru pale bwana anapokuwa mtendaji, na komboa pale panapokuwa na malipo, huku mlipaji akitajwa. Pale watu walipojitoa wenyewe, kama katika Kiva, kitenzi cha kuachia kisitumike kabisa. Waliinuka, waliasi au walijitoa yatosha. Upambanuzi huu unahusu zaidi ya usahihi wa kamusi. Wazao wa waliouzwa, wa waliouza na wa walioasi wangali wanaishi katika milima hiyohiyo na katika nchi ya Bonde iliyo chini yake. Kauli ya kutendwa ikitumika kwa wote, inampa mwenye mkono sifa ya tendo ambalo mara nyingine hakulifanya.