Hongera, Makumbusho ya Wayahudi ya Berlin

Tangu yafunguliwe mwaka 2001 katika jengo lililobuniwa na Daniel Libeskind, makumbusho haya yamefanya kazi ya kijasiri. Katika chumba kimoja kirefu cha zege, msanii Menashe Kadishman alitandaza sakafuni nyuso za chuma zaidi ya 10,000, vinywa wazi. Kwa miaka mingi mgeni aliruhusiwa kuzikanyaga; kila hatua chuma kiligonga chuma, na mlio ukapanda ukutani. Sijui maelezo gani yangefikisha ujumbe wa maombolezo kama mlio ule.

Wala hawakuishia kwenye maombolezo. Mwaka 2021 walifungua ANOHA, makumbusho ya watoto yenye safina kubwa ya mbao ya Nabii Nuhu, na wanyama walioundwa kwa vitu vilivyokwisha kutumika. Ukifika Berlin, wapeleke wanao.