Shilingi ya Simba Kwanza, Rupia Baadaye

Mkusanyaji wa sarafu wa Kitale au Bungoma anayeitamani rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 itambidi aitafute kwenye simu. Rupia hiyo ilitolewa na Kampuni ya Imperial British East Africa na kupigwa chapa katika kiwanda cha Heaton kule Birmingham. Ndiyo maana ina herufi ndogo H. Siku hizi inaonekana mara nyingi zaidi kwenye minada ya London na Marekani kuliko huko Mombasa ilikopata jina. Mnada ni wa mtandaoni, picha ni mbili tu, na mkono haujaigusa sarafu. Mnunuzi anabaki na jicho lake.

Jicho hilo linafundishika, na shule yake iko nyumbani.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na kuanzia 1921 ikatoa shilingi yenye simba mbele ya milima. Shilingi hiyo ndiyo iliyolipa mishahara ya vibarua kwenye mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia, na kodi ya nyumba upande wa Bungoma. Nyingine zingali zimelala kwenye masanduku ya akina nyanya na akina babu. Kwa kuwa zilitolewa kwa wingi, bei yake si ya kutisha. Anayezishika nyingi, mbovu na nzuri, na kuzigeuza chini ya taa hadi azizoee, atakuwa amejifunza mambo ambayo picha ya mnada haiwezi kumfundisha.

La kwanza ni kiasi cha fedha iliyomo. Rupia iliyotumika kabla, iwe ya India, ya Mombasa au ya Mjerumani, ina uzito wa gramu 11.66 na karibu asilimia 92 yake ni fedha halisi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopandisha bei ya madini hayo, watawala walipunguza kipimo: florini ya 1920 ilikuwa na asilimia 50, na shilingi iliyoifuata asilimia 25 tu. Shilingi moja ina gramu 7.78, kwa hiyo zinahitajika 16 kupata wakia moja ya sonara. Muuzaji anayeandika “fedha tupu” juu ya shilingi ya Joji wa Tano ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana.

Zile za 1948 hadi 1952 hazina fedha hata chembe. Ni shaba na nikeli. Kuna njia rahisi ya kuzitambua hata mwaka unapokuwa umefutika. India ilipata uhuru 1947, na cheo cha mfalme kuwa mtawala wa India kikaondolewa kwenye sarafu. Shilingi yenye herufi IND. IMP. ni ya fedha. Ya Joji wa Sita isiyo nazo si ya fedha. Senti zenye tundu, ambazo watu wengi huzileta wakidhani ni mali, hazikuwahi kuwa za fedha.

Baada ya hapo jicho liende kwenye ngozi ya sarafu. Shilingi ambayo haikutumika sana, ukiigeuza polepole chini ya balbu, mwanga wake huzunguka kwa mistari inayotoka katikati kuelekea ukingoni. Mng'aro huo hutokana na metali kusukumwa na mhuri, na ukishapotea haurudi. Iliyosuguliwa kwa majivu au dawa ya meno hung'aa pia, pengine hata zaidi, lakini mwanga wake umesimama mahali pamoja, na ndani yake kuna mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja. Weka hizo mbili kando kwa kando mara moja, na hutahitaji kuelezwa tena. Kusafishwa kumeharibu sarafu nyingi kuliko kuzeeka. Weusi wa kijivu au wa buluu unaojijenga taratibu juu ya fedha ni kinga yake, na wakusanyaji makini hulipa zaidi kwa ajili yake.

Manyoya ya shingo ya simba nayo yachunguzwe, pamoja na vito vya taji la mfalme, kwa maana hapo ndipo matumizi hula kwanza. Lakini kuchakaa na chapa hafifu ni vitu viwili. Sarafu iliyochapwa vibaya inaweza kukosa manyoya huku sehemu tambarare bado zina mng'aro. Iliyochakaa imepoteza vyote.

Rupia ya Mjerumani, yenye Kaiser Wilhelm wa Pili na kofia yake ya tai, ina hila yake. Nyingi zilifanywa mapambo. Kitanzi cha mkufu kilichochomelewa kikishaondolewa huacha doa la rangi tofauti kwenye ukingo, juu ya kichwa, na tundu lililozibwa huacha duara ambalo herufi zake hazilingani na jirani zake. Picha ya uso haionyeshi ukingo, basi mnunuzi amwombe muuzaji picha ya ukingo na nyingine ya mshazari. Anayekataa amejibu.

Reale ya Maria Theresa isimbabaishe mtu kwa mwaka wake. Karibu zote zimeandikwa 1780, na Vienna bado inazipiga. Mwaka huo peke yake haustahili kulipiwa.

Mizani ndogo inayosoma gramu 0.01 ni ya lazima kuliko lenzi. Rupia ikishafika, ipimwe, kisha glasi ya maji iwekwe juu ya mizani, mizani irudishwe kwenye sifuri, na rupia ining'inizwe kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Rupia yenye asilimia 92 ya fedha itasoma takriban gramu 1.13, shaba nyeupe au njano ya uzito uleule itasoma zaidi ya 1.25.

Kuhusu dau lenyewe, bei ya nyundo si bei ya mwisho. Nyumba nyingi za minada huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi, kisha kuna posta, na KRA inaweza kudai VAT ya asilimia 16 na ushuru. Sarafu ya pauni 100 inaweza kufika Kitale kwa zaidi ya 150. Basi kiwango cha juu kiandikwe kabla mnada haujafunguka, hasa kwa kuwa unaofungwa saa tatu usiku New York ni alfajiri Bungoma, saa ambayo mtu huongeza dau kwa usingizi. Malipo si kikwazo tena tangu M-Pesa GlobalPay ilipoanza 2022.

Sarafu zilizofungwa kwenye plastiki na kampuni za ukaguzi wa sarafu za NGC au PCGS zina namba inayoweza kukaguliwa kwenye tovuti zao, lakini plastiki nayo hughushiwa, hivyo picha ya tovuti ilinganishwe na ya mnada, doa kwa doa. Lebo ikisema “Details”, sarafu ina dosari, mara nyingi imesafishwa, hata kama ni nzuri machoni.

Na anayefikiria kuuza nje rupia aliyoikuta shambani ajue kwamba Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa mali ya kale, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Makumbusho ya Kitale ni mahali pa kuanzia kuuliza.