Panzi wa Masala Kulangwa: kukisoma The Two Towers Usukumani

Karibu kila mpenzi wa riwaya za mashujaa na mazimwi ninayemfahamu ameshaniambia neno lile lile kuhusu The Two Towers cha J.R.R. Tolkien: hicho kipitie harakaharaka, uwahi cha tatu. Cha kwanza kina mwanzo wa safari, cha tatu kina vita kuu na mwisho wa pete, hiki cha kati ni cha kuvukia tu. Nami nilisema hivyo kwa muda mrefu, na nilikiacha njiani mara mbili. Mara ya tatu nilikimaliza nyumbani kwetu, kijijini nje ya Kahama, na tangu hapo katika vile vitatu ndicho ninachokirudia. Leo nataka kueleza kwa nini. Itabidi nianze mbali kidogo, kwa bibi yangu.

Sisi tuliokulia Usukumani tunayo hadithi yetu ya shujaa na zimwi. Shing'weng'we alimeza watu wote na mifugo yote ya dunia, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, jina la mtu mwenye akili ya kuelewa upesi. Mtoto alipopata ufahamu akauliza: mama, mbona tuko wawili tu, wengine wako wapi? Mama akamwambia ukweli, na kijana akaingia porini kulitafuta zimwi. Mwisho wake wengi mnaujua: analiua, analipasua, watu wanatoka, yeye anakuwa mtemi.

Bibi alipokuwa akisimulia, mwisho huo aliumaliza kwa pumzi moja. Alipokaa ni katikati. Siku moja kijana anarudi anaimba kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama anatazama: huyu ni panzi, mwanangu, tumchome tule. Siku nyingine anakuja na ndege, wimbo ni ule ule. Siku nyingine anakuja na paa. Kila mara mama anamwambia siye, na kila mara wanakula. Tulicheka hadi mbavu zikauma, na bibi aliongeza wanyama kadiri tulivyotaka. Kama usingizi haujaja, basi Masala Kulangwa anarudi tena porini.

Hoja yangu iko hapo. Vitabu vya kati tunavisoma kama watu wanaomtazama panzi na kuona tu kwamba si Shing'weng'we. Mama wa hadithi naye aliliona hilo, tena kabla yetu. Ila alijua pia kwamba panzi analiwa.

Sasa tuje kwenye kitabu. Tolkien hakukusudia vitabu vitatu. Aliandika riwaya moja ndefu, The Lord of the Rings, yenye sehemu sita. Mchapishaji wake wa Uingereza, Allen & Unwin, ndiye aliyeigawa mara tatu kwa ajili ya gharama. The Two Towers kilitoka Novemba 1954, kikiwa na sehemu ya tatu na ya nne, na hata hilo jina la minara miwili lilimsumbua mwandishi, kwa sababu minara ndani yake ni mingi na yeye mwenyewe aliyumba kuhusu ipi ndiyo inayotajwa. Kwa hiyo kitabu hiki kimezaliwa kwa kisu cha mtu mwingine. Pamoja na hayo kina umbo lake, na umbo hilo ndilo lililonishinda mara mbili za kwanza.

Sehemu ya tatu inawafuata Aragorn, Legolas na Gimli wakiwafukuzia maorki waliowateka wenzao wawili. Kwa sura 11 Frodo, yule aliyebeba pete, ni jina tu la mtu ambaye hakuna anayejua alipo. Kisha unafungua ukurasa na kila kitu kinaanza upya: Frodo na Sam wamepotea kwenye majabali, na kwa sura 10 wale wengine wote wanatoweka. Hakuna mjumbe anayevuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Gandalf amerudi kutoka kwa wafu, lakini Frodo bado anamhesabu kama marehemu. Ngome ya Isengard imeanguka, na huku kwenye vinamasi hakuna aliyesikia. Waandishi wengi wangechanganya, sura moja huku na moja kule, msomaji apate kupumua. Filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2002 ilifanya hivyo hasa, na inatazamika vizuri sana, sikatai. Lakini iliondoa kitu.

Nilichoondolewa na filamu nilikijua siku niliposoma kitabu kaka akiwa Geita. Alikuwa amefuata rashi, kama vijana wengi wa kwetu. Mwanzoni alipiga simu: yuko kwenye duara, mara anabeba viroba vya mawe kwenda karasha, mara yuko mwaloni anaosha. Baadaye simu ikawa haipatikani. Miezi minane. Mama akawa anamuuliza kila anayeshuka basi kutoka upande huo, baada ya "mwadila" na habari za mvua, kama hakumwona kijana mmoja mrefu. Siku moja tukasikia kuna duara limetitia baada ya matimba kulegea. Lipi, wapi, nani alikuwa ndani, msimuliaji hakujua. Mama alikaa kimya kidogo, halafu akaenda kupalilia.

Basi nilipofika mwanzo wa sehemu ya nne, pale nilipokuwa nakasirika na kukifunga kitabu, safari hii nilielewa. Sisi tulikuwa sehemu ya tatu na kaka alikuwa sehemu ya nne. Tolkien hakuniambia kwa maneno kwamba kutokuwa na habari ni mzigo. Alinibebesha, kwa kurasa mia na zaidi. Watu wa ukanda huu, kuanzia Kahama hadi Geita, wanauishi mpangilio huo wa sura bila kuhitaji kusoma riwaya yoyote.

Kuna mengine ambayo msomaji wa kwetu atayaona kabla ya msomaji wa London. Treebeard, kwa mfano, yule mchungaji wa miti. Wengi wanalalamika kwamba sura yake inakwenda polepole, na kweli inakwenda polepole, maana mkutano wa Waenti unachukua siku tatu. Lakini mtu wa Shinyanga akisikia habari ya msitu uliokatwa hadi ardhi ikabaki uchi, hahitaji ramani ya nchi za kubuni. Kwetu miti ilifyekwa miaka mingi, kuwafukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hadi mkoa ukaitwa jangwa. Mwaka 1986 mradi wa HASHI ukaanza, na kilichosaidia zaidi ni kurudi kwenye jambo ambalo wazee walilijua: ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti ipumue, ifunguliwe kiangazi. Miti ikarudi. Wachungaji wa ng'ombe ndio waliokuwa wachungaji wa miti, jambo ambalo Treebeard angelifurahia sana. Yeye hakubahatika hivyo. Wake wa Waenti, waliopenda kulima na kupanda, walipotea zamani. Mashamba yao yakakutwa yameungua, na hadi leo waume wanawauliza wapita njia kama wamewaona. Nilisoma hapo nikamwona mama kituo cha basi.

Kuhusu machimbo nilikuwa na ugomvi na mzee huyu. Saruman anachimba mashimo Isengard, anakata miti kulisha tanuru, na tunafundishwa kumchukia. Nikajisemea: hivi kila anayechimba ni mwovu? Kaka naye? Duara, moshi, zebaki mwaloni, miti ya matimba, yote hayo yapo kwetu, na anayeyafanya ni mtoto wa watu anayetafuta ada na bati la kuezekea. Lakini kitabu hiki hiki kina jibu, na linapita harakaharaka kiasi kwamba mara mbili za kwanza sikuliona. Baada ya vita ya Helm's Deep, Gimli anamsimulia Legolas mapango aliyoyaona chini ya mlima. Legolas anahofu kwamba Wadwafu wakiyajua watayaharibu. Gimli anakasirika kabisa. Anasema watu wake wangeyatunza kama bustani, wagonge kwa uangalifu, pengine kijiwe kimoja tu kwa siku nzima ya wasiwasi. Kwa hiyo Tolkien alijua kuna kuchimba na kuchimba. Mzaliwa wa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, aliondoka huko akiwa mtoto mdogo mno, sitaki kumhusisha na dhahabu ya nchi ile. Nasema tu kwamba ugomvi wangu aliumaliza mwenyewe, kwa mdomo wa Gimli.

Ugomvi ambao hajaumaliza ni wa maorki. Karibu na mwisho, Sam anawasikia wawili wao, Shagrat na Gorbag, wakipiga soga. Wamechoka na mabwana wakubwa. Wanasema vita ikiisha watajiondokea na vijana wachache waaminifu, wakajitegemee mahali ambapo hakuna bosi. Mazungumzo hayo nimeyasikia chini ya turubai la mama lishe machimboni, karibu neno kwa neno. Kwa kitambo orki anakuwa mtu mwenye mchoko wake. Halafu wanaanza kutaja kupora na kutesa, na mwandishi anafunga mlango. Vivyo hivyo kwa yule askari wa kusini anayeanguka mbele ya Sam, mtu wa ngozi ya kahawia. Sam anajiuliza jina lake nani, kama kweli alikuwa mwovu moyoni, au ni uongo na vitisho vilivyomtoa kwao. Ni aya bora kuliko zote katika kitabu, kwa maoni yangu, na ni aya moja tu. Sisi watu wa kusini tunastahili zaidi ya aya moja, tena ya maiti.

Na nyumbani hakupo. Katika hadithi ya bibi mama ana kauli kila mara kijana anaporudi. Kwa Tolkien mwanamke anayepewa kazi ya kubaki ni Éowyn. Anaachiwa watu awaongoze, anasimama peke yake mbele ya nyumba iliyonyamaza akiwatazama wapanda farasi wakipotea, na kitabu kinawafuata wao. Sikumwona tena hadi cha tatu. Ningetoa nusu ya Helm's Deep nipate sura moja ya siku zake pale.

Kitabu kinaishia vibaya, nawaonya. Sam aliyeamini Frodo amekufa anagundua yuko hai, lakini ameshachukuliwa na adui, na lango limefungwa usoni pake. Wasomaji wa kwanza walibaki nje ya lango hilo pamoja naye hadi Oktoba 1955, kilipotoka cha tatu. Karibu mwaka mzima!

Kaka alirudi mwezi wa tisa, bila kupiga simu, amekonda, na gramu moja na ushee ya dhahabu ikiwa imekunjwa kwenye karatasi ya sigara. Alikuwa ameahidi nyumba ya tofali. Mama alikiangalia kile kikaratasi muda mrefu, akasema, "Haya, kesho kauze, ulete mchele." Tukala wali na kuku, majirani wakaja.

Usiku huo kaka aliniuliza kitabu nilichokuwa nasoma kinaishaje. Nikamwambia hiki hakiishi, kinachoisha ni cha tatu. Akasema basi nipe hicho hicho. Alisoma kurasa tatu, akalala.