Mbinu Bila Lugha: Uhakiki wa Ushirikiano wa Walimu katika Vituo vya Walimu, Pemba

Mijadala kuhusu mbinu shirikishi Zanzibar aghalabu humchukulia mwalimu kuwa mtu aliyepungukiwa na ujuzi, na semina kuwa tiba yake. Mtazamo huo unahitaji kuhakikiwa. Kisiwani Pemba, vituo vya walimu vya Michakaeni (Chake Chake), Mizingani (Mkoani), Mitiulaya (Wete) na Wingwi (Micheweni) vimewapa walimu mahali pa kukutana, kuandaa zana na kujadili masomo yao. Inadaiwa hapa kwamba thamani ya mikutano hiyo haipimwi kwa wingi wa mbinu zinazosambazwa, bali kwa uwezo wake wa kuhoji kinachozizuia mbinu hizo darasani, yaani lugha.

Shulman (1986) anatofautisha kulijua somo na kujua namna ya kulifanya lieleweke, ikiwemo kutambua wanafunzi hukosea wapi na kwa nini. Maarifa ya namna hiyo hukaa katika uzoefu wa walimu, na huibuka wanapozungumza wao kwa wao. Kwa hiyo, utaratibu wa mwalimu mmoja kuhudhuria semina kisha kurudi kuwasimulia wenzake una kasoro ya msingi. Mwalimu anayehutubiwa kuhusu kazi za vikundi, naye ameketi kimya, hupata fasili ya mbinu. Mbinu yenyewe haipati.

Kasoro kubwa zaidi ilitokana na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006, iliyoelekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Chukuliwe mfano wa somo la asilimia. Mtoto wa Pemba amekwisha kuchambua karafuu na kuzianika jamvini. Anajua kwamba mbichi zikikauka hupungua uzito. Walimu wakikaa pamoja wanaweza kulijenga somo zuri juu ya ujuzi huo, na mazungumzo yao yatakuwa ya Kiswahili. Chini ya sera hiyo, darasani mtoto yuleyule alitakiwa aeleze upungufu huo kwa lugha asiyoimudu. Kikundi kilinyamaza, mwalimu alirudi ubaoni, na lawama iliiangukia mbinu.

Utafiti wa LOITASA, ulioanza 2002 katika Tanzania na Afrika Kusini, ulionesha kuwa wanafunzi hushiriki zaidi wanapofundishwa kwa lugha wanayoielewa. Ni kweli kwamba wazazi wengi hukiona Kiingereza kuwa mlango wa masomo ya juu na ajira, na matakwa yao si ya kubezwa. Hata hivyo, kutaka mtoto ajue Kiingereza ni jambo moja, na kumnyima lugha ya kufikiria ni jingine. Ikiwa fikra hukua kwa mazungumzo, kama anavyodai Vygotsky, basi mbinu shirikishi isiyo na lugha ya kushirikiana inajipinga yenyewe.

Kwa jumla, udhaifu wa ushirikiano wa walimu hautokani na uvivu wala ukaidi wao. Unatokana na kuwaachia wajadili namna ya kupanga madawati huku suala la lugha likiamuliwa kwingine. Vituo vitakuwa na tija pale walimu watakapotazama masomo ya wenzao, wakanukuu maswali yanayoulizwa na watoto pamoja na pale wanaponyamaza, na kumbukumbu hizo zikawafikia watunga sera kama ushahidi wa kitaaluma.