Mjomba Hussein na Hesabu ya Kusubiri

Kwa miaka mingi, katikati ya Jiji la Arusha, ungewakuta mabroka wamesimama vikundi vikundi, kila mmoja na karatasi iliyokunjwa kiganjani, na ndani yake punje chache za tanzanaiti. Mawe hayo hutoka Mererani, wilayani Simanjiro, kwenye vilima vilivyo kusini mwa barabara ya Arusha na Moshi. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha hadi Manyara ilipozaliwa mwaka 2002. Huko ndiko Pili Hussein alikojulikana kama Mjomba Hussein.

Kisa chake kilivuma BBC ilipokitangaza mwaka 2017, na wasimulizi wengi huishia kwenye mavazi. Alitoroka ndoa ya kipigo akiwa na miaka 31, akafika Mererani akakuta wanawake hawaruhusiwi kukanyaga machimboni. Akatwaa suruali pana za kiume, akazikata zikawa kaptula, akajiita Hussein, akaingia. Aliishi hivyo karibu miaka kumi, akichimba na kuchekecha saa 10 hadi 12 kwa siku na kushuka hadi mita 600 chini ya ardhi. Ujasiri huo sina la kuupunguzia. Ila wanaume waliovaa kaptula Mererani walikuwa maelfu, na wengi wao waliondoka mikono mitupu kama walivyokuja. Mimi kinachonishughulisha ni alichofanya siku mawe yalipopatikana.

Tuangalie kwanza mgodi mdogo unavyoendeshwa. Mwanaapolo, ndivyo mchimbaji wa Mererani anavyoitwa, kwa kawaida hana mshahara. Mwenye mgodi au mfadhili hutoa chakula, vifaa, baruti na mafuta ya mashine. Mchimbaji hutoa nguvu zake. Mgodi ukitema, wanagawana. Usipotema, kila mtu amekula hasara yake. Na tanzanaiti ni jiwe la kuvizia. Limejificha kwenye mikunjo ya miamba yenye kinywe, ule unga mweusi unaoteleza kama sabuni na kuganda usoni na mikononi. Mchimbaji huufuata mwamba huo gizani, na miezi inaweza kupita, hata miaka, bila kuona rangi ya bluu. Wakati huo wote watu wanakula kila siku na mashine inakunywa mafuta kila siku. Gharama ina ratiba, pato halina. Ndiyo maana wapo wanaouza sehemu yao ya mgodi kwa bei ya kutupa kwa sababu tu wameishiwa unga wa kuwalisha vijana.

Pili alibahatika kukuta mafungu mawili makubwa ya mawe. Alijenga nyumba ya baba yake, ya mama yake na ya pacha wake. Kisha akanunua vifaa na kuajiri wachimbaji. Hatua hiyo ya pili ndiyo iliyombadilisha kutoka mtu anayesubiri kugawiwa hadi mtu anayegawa. Hadi habari zake zilipotangazwa, alikuwa na kampuni ya uchimbaji yenye wafanyakazi 70, na pembeni yake ekari 150 za ardhi, ng'ombe 100 na trekta.

Ng'ombe hao ndio ninaowatazama zaidi. Pili alikuwa mmoja wa watoto 38 wa mzee mwenye wake sita na mifugo mingi, akachungishwa mifugo kama mtoto wa kiume. Maisha hayo hakuyapenda hata kidogo. Lakini pesa ya madini ilipoingia aliirudisha kwenye kitu alichokifahamu tangu utotoni. Kwa kuisoma kwangu, hapo ndipo penye ufundi wake. Ng'ombe anauzwa siku unayotaka, shamba linavunwa kwa msimu unaojulikana, na vyote viwili huweza kubeba mgodi ulionyamaza. Saniniu Laizer, aliyeiuzia Serikali mawe mawili kwa shilingi bilioni 7.74 mwaka 2020, naye ni mfugaji wa hukohuko Simanjiro. Siamini kama hilo ni sadfa tupu.

Siri ya Mjomba Hussein ilifichuka kwa njia ya kusikitisha. Alikamatwa akishukiwa katika kesi ya ubakaji, akalazimika kuwaonyesha polisi kwamba ni mwanamke, akaachiwa. Wenzake machimboni waliona shida kuamini, hadi alipoolewa mwaka 2001.

Kuna jambo moja linaloniuma katika mafanikio haya, na nisingependa lipitwe. Kati ya wale wafanyakazi 70, wanawake walikuwa watatu, na wote wapishi. Siku hizi wapo wanawake wanaoosha mawe na wengine ni mabroka, lakini kushuka shimoni bado ni nadra. Suruali ile ilimpitisha mtu mmoja, kisha mlango ukarudi ulivyokuwa. Pili mwenyewe amesomesha wajukuu na watoto wa ndugu zake zaidi ya 30 kwa pesa ya mgodi, na bado hataki binti yake afuate nyayo zake, anataka asome. Na kambini, kwa maelezo yake mwenyewe, ukienda kumtafuta unaulizia Mjomba Hussein.